Springi Laini za Helen Robi

Fahali aliyembana Helen Robi kwenye nguzo za lango la soko la Ogwedhi hakuwa wake wala wa mteja wake. Helen alikuwa anapita tu, akimtafuta Wesley, mchinjaji wa Rongo aliyekuwa akinunua ng'ombe kupitia kwake kila wiki. Lori moja likapiga honi, fahali akashtuka, akarudi kinyumenyume kwa uzito wake wote, na Helen akajikuta katikati ya mwili ule na nguzo. Waliokuwa karibu walisikia mfupa ukilia. Yeye mwenyewe alisema baadaye kwamba hakusikia mfupa wowote. Alichokumbuka ni harufu ya manyoya yaliyolowa mvua, na sauti yake mwenyewe ikimtukana fahali yule kwa Kikuria.

Katika soko lile, ambako Wakuria, Wajaluo, Wakisii na Wamaasai hukutana kupimana akili juu ya migongo ya ng'ombe, Helen alikuwa dalali mwanamke wa pekee. Kazi aliirithi kwa mumewe, Gisiri, ingawa kusema aliirithi ni kusema kwa upole. Gisiri alipofariki, ndugu zake walikaa wakakubaliana kwamba mdogo wa marehemu, Barnabas, ndiye angeendelea sokoni. Helen hakuulizwa. Siku ya soko iliyofuata matanga, alivaa mabuti ya mpira ya mumewe, akajaza magazeti kwenye ncha maana yalimzidi, akaenda. Wanaume walimcheka mpaka jua likawa utosini. Jioni alikuwa ameuza ndama wawili. Tangu siku hiyo hakuna aliyemtoa sokoni, mpaka fahali yule.

Hospitalini daktari, kijana mpole mwenye miwani, alimwonyesha picha. Nyonga ya kushoto ilikuwa imevunjika, na pingili moja ya mgongo ilikuwa imebonyea.

"Mifupa itaunga, mama. Lakini huo mgongo hautapenda mishtuko tena. Barabara mbovu uziepuke."

"Nikiepuka barabara mbovu, nitaenda wapi?" Helen akauliza.

Daktari akacheka, akidhani ni utani.

Alipotoka hospitali alichukuliwa na binti yake, Lynnet, aliyeolewa Kosele, upande wa Homa Bay, ambako yeye na mumewe Walter walikuwa na duka la mbegu na mbolea. Lynnet alimpa mama yake chumba chenye dirisha linalotazama soko, kitanda kizuri, maziwa asubuhi na samaki jioni. Hakukuwa na jambo la kulalamikia, na hilo ndilo lililomwudhi Helen. Kila alipojaribu kusimama, mtu alikuja kumkalisha. Alipojifunza kutembea kwa fimbo mpaka mlangoni, Lynnet aliificha fimbo. Helen aliikuta nyuma ya magunia ya mbolea na wakaacha kusemeshana siku nzima.

Barnabas alikuja kumwona mara moja. Alileta kuku, akaketi, akauliza hali, akanywa chai mpaka chini. Kisha akafika kwenye jambo lililomleta.

"Shemeji, wewe sasa pumzika. Wale wateja wako nimewashika. Hata Wesley ananunua kwangu. Usijali."

"Nani alikwambia uwashike?"

"Ni ukoo, shemeji. Mkono mmoja ukichoka, mwingine unashika." Akaweka kikombe chini. "Na ile gari ya marehemu. Inaoza tu pale nyumbani, kuku wanataga ndani. Nimepata mtu wa vyuma vikuukuu. Ataibeba vile iko."

Gari lenyewe lilikuwa Datsun 1200 ya milango miwili, rangi yake zamani ilikuwa krimu. Gisiri aliinunua kwa mwalimu mmoja aliyestaafu, na yeye ndiye aliyemfundisha Helen kuiendesha, wakizunguka uwanja wa shule siku za Jumapili huku watoto wakiwashangilia.

"Barnabas," Helen akasema, "wateja wana miguu, wataenda wanakotaka. Lakini gari hiyo usiiguse. Hata kidole. Walter ataenda kuichukua."

"Ya nini na huwezi hata kukaa ndani yake?"

 Kuku wa Barnabas aliliwa usiku ule, lakini Helen hakuonja.

Walter, mtu wa maneno machache ambaye aliogopa ugomvi wa wanawake wale wawili kuliko alivyoogopa radi, aliileta Datsun ikiwa imefungwa kamba nyuma ya pikapu ya rafiki yake. Wakasafisha mavi ya kuku, wakabadilisha betri, ikawaka. Jumapili Helen akataka apelekwe kanisani nayo. Hawakufika. Njiani kulikuwa na shimo dogo ambalo hata mbuzi asingelijali. Datsun iliruka, ikatua kama meza iliyotupwa, na Helen akapiga kelele ambayo Walter hajaisahau. Wakarudi nyumbani polepole, Helen akishika dashibodi kwa mikono miwili, machozi yakimtoka na meno akiyauma.

Lynnet alikuwa mlangoni. "Umeridhika sasa?"

"Bado."

"Mama, unataka tukuzike?"

"Mtanizika, lakini si leo, na si kutoka kwa kitanda chako."

Kwa siku kadhaa alilala akifikiri juu ya ule mruko. Akakumbuka kwamba haikuwa hivyo zamani. Wakati Gisiri anainunua, gari lile lilikuwa likitembea kwa adabu. Lakini Gisiri alikuwa akibebea mbuzi kwenye kiti cha nyuma, na magunia ya chumvi ya mifugo, mpaka tumbo la gari likawa linaburuza chini. Akampelekea fundi, na fundi akaongeza vyuma kwenye springi za nyuma, zile za vyuma bapa vinavyopangwa kimoja juu ya kingine, ambavyo mafundi huviita majani. Akaweka na shoki za pikapu, yale mabomba yanayopunguza mruko. Gari likainuka, likawa gumu kama kiatu cha askari, na kila mtu akafurahi kwa sababu lilibeba.

Basi shida haikuwa barabara tu, ilikuwa pia gari. Barabara ya Ogwedhi Helen hangeweza kuibadilisha.

Fundi wa kwanza, pale pale Kosele, alizunguka Datsun mara moja akashauri iuzwe, inunuliwe gari ya kisasa. Wa pili, wa Oyugis, alisikia neno springi kabla ya kusikia mengine. "Hii imechoka, mama. Tukuongezee majani mawili, utasahau mashimo." Helen akamwambia Walter aondoe gari mara moja, kabla mtu huyo hajashika spana.

Wa tatu alikuwa Chrispine, wa Rongo, mwenye kibanda nyuma ya barabara kuu kilichozungukwa na maiti za magari madogo. Alikuwa mtu mnene, mcheshi, aliyevaa kofia ya sufu hata juani. Alimsikiliza Helen mpaka mwisho, kisha akacheka sana.

"Yaye! Mama, huku kwetu watu wananilipa niongeze majani. Wewe unataka nitoe?"

"Toa."

"Gari itashuka chini. Haitabeba kitu."

"Mizigo nimeacha kubeba. Sasa najibeba mimi."

Chrispine akaacha kucheka, akamtazama alivyosimama, uzito wote mguu wa kulia, fimbo ikitetemeka. "Onge wach," akasema. Hakuna neno. "Lakini sijawahi kufanya hii kazi kwa njia hiyo. Tutajaribu, na ikikataa usinilaumu."

Helen alikaa kwenye kiti cha plastiki chini ya bati na kuangalia kila kitu. Springi za nyuma zilishushwa na kufunguliwa, majani yakilia kutu. Yale aliyoongeza Gisiri yakatolewa. Yaliyobaki yakapigwa brashi ya chuma mpaka yakang'aa, yakapakwa grisi. Chrispine akakata vipande vyembamba vya mtungi wa plastiki akavitia katikati ya jani na jani, ili yateleze yasiumane. Mipira ya bushi, ile ya kwenye ncha za springi, iliyokuwa imekauka kama ngozi ya ndala ikapigwa nyundo mpaka ikatoka, mipya ikaingia. Shoki za pikapu zikatupwa kando. Za kuzibadili zilitoka kwenye gari dogo la Kijapani lililogongwa, na matundu yake yakachongwa kwa mchonga vyuma wa jirani ili yakae sawa. Mbele, mipira ya juu ya springi ilikuwa imesagika ikawa unga. Nayo ikabadilishwa. Mwishowe, kwa sababu Helen alisisitiza, fundi viti alikuja akang'oa godoro la kiti cha dereva na kushona jingine, nene chini, laini juu.

Wapita njia hawakukosa maoni. Mmoja alisema gari litavunjika katikati. Mwingine akauliza kama ni la bibi harusi. Helen akamjibu kwamba ndiyo, na kwamba mtu kama yeye hawezi kulipa mahari yake.

Walipolijaribu mara ya kwanza, Chrispine aliendesha na Helen akaketi kando. Kwenye lami gari lilikuwa kama linaelea. Helen akaanza kutabasamu. Wakaingia njia ya udongo ambayo matrekta ya miwa huichimba, na hapo kuelea kukageuka kuyumba. Gari lilizama, likapanda, likazama tena, kama mlevi anayetafuta mlango, na kwenye shimo la tatu likashuka mpaka chuma kikagonga chuma. Helen hakupiga kelele safari hii. Midomo yake ikawa ya kijivu.

Chrispine akasimamisha gari. Aliogopa. "Mama, nilikuambia. Tukuwekee zile za zamani, twende nyumbani."

Helen alivuta pumzi mara kadhaa. "Ilikuwa inaumiza namna gani kabla hujaigusa, unajua? Kama kupigwa. Hii sasa imeniumiza tu pale ilipogonga chini. Kabla ya hapo sikusikia kitu."

"Kwa hivyo?"

"Kwa hivyo umekaribia. Rudi chini ya gari."

Chrispine alisimulia baadaye kwamba alitamani kukataa. Alikuwa na magari ya watu wengine, na mama huyu alimtia hofu, maana kama mgongo ungeharibika mikononi mwake, nani angemwelewa? Lakini alirudi chini ya gari. Akarudisha jani moja, lile jembamba. Akatafuta shoki nyingine, nzito kidogo kuliko zile, zenye kushika mruko usirudierudie. Na mahali chuma kilipogonga, akafunga matonge ya mpira aliyoyakata kutoka kwa tairi la trekta, ili springi ikifika mwisho ikutane na kitu chenye huruma. Tairi akazipunguza upepo kidogo.

Wakarudi njia ile ile ya miwa. Shimo la kwanza, gari likainama na kuinuka mara moja, likatulia. La pili hivyo hivyo. Kwenye la tatu Helen alifumba macho. Ilisikika sauti ya chini, kama mtu anayeweka gunia sakafuni, basi.

"Umeumia?" Chrispine akauliza.

"Geuza gari."

"Turudi?"

"Geuza nimesema. Nataka kupita hapo tena, na sasa naendesha mimi."

Alipita mara nyingi. Klachi ya Datsun ni nyepesi, na mguu wa kushoto ulilalamika kidogo tu ukakubali. Chrispine alikaa kando akishika kofia yake, na wanawake waliokuwa wakipalilia miwa waliinua migongo kumtazama mama mwenye fimbo akienda na kurudi juu ya mashimo yale yale huku akicheka peke yake.

Lynnet hakufurahi. Helen alipofungasha nguo zake Kosele ili arudi nyumbani kwake, binti alisimama kwenye mlango na mikono ameikunja, akilia kwa hasira.

"Kwa nini lazima iwe ng'ombe? Si unaweza kukaa hapa dukani, uuze mbegu?"

"Mbegu hazinijui jina," Helen akasema. Kisha akaona sura ya mtoto wake, akalegea. Akaketi kitandani. "Lynnet, nikikaa hapa nitakuwa mgonjwa wako mpaka nife. Utanihudumia vizuri, najua. Na mimi nitakuchukia kidogo kidogo. Unataka hivyo?"

Lynnet akatikisa kichwa. Hakumkumbatia, lakini alibeba begi mpaka kwenye gari, na akaweka mto mwingine kwenye kiti.

Siku ya soko, Helen alifika Ogwedhi asubuhi. Mlinzi wa lango, aliyemjua tangu zamani, akanyoosha mkono.

"Mama Lynnet! Karibu. Lakini gari ziache nje. Ndani ni lori za mifugo peke yake."

"Mimi siwezi kutembea kutoka nje mpaka zizi. Nikiingia na miguu, fahali mwingine atamalizia kazi."

"Sheria ni sheria, mama."

"Ilikuwa wapi hiyo sheria siku ile lori lilipiga honi katikati ya ng'ombe?"

Mlinzi akatazama chini. Watu walikuwa wameanza kusogea, na miongoni mwao Barnabas, na fimbo yake mabegani.

"Shemeji," akasema, kwa sauti ya kusikika, "unatutia aibu. Mtu ameumia anakaa nyumbani. Unakuja hapa na hiki kigari cha kubembea, watu wacheke jina la Gisiri?"

Helen alishusha kioo mpaka mwisho.

"Waliwahi kunicheka nikiwa na mabuti ya Gisiri, na wewe ulikuwa wa kwanza. Nikauza. Leo wacheke gari, nitauza. Kama ni aibu, ni yangu, wala sijakuomba uibebe. Ondoka mbele ya gari."

Hakuondoka mara moja. Helen naye hakuzima injini. Walitazamana hivyo, mpaka dereva wa lori lililokuwa nyuma akachoka na kupiga makelele kwamba ng'ombe wake wanapata kiu. Mlinzi akavuta mti wa lango. Barnabas akasogea hatua moja kando, na Datsun ikaingia ikiinama na kuinuka juu ya kwato na mawe, taratibu, ikaenda kusimama kwenye kivuli kando ya zizi.

Siku ile haikuwa ya ushindi. Wesley mchinjaji alikuja, akamsalimia kwa heshima, akapiga paa la gari akisifu kiti. Kisha akasema ukweli: amezoea kununua kwa Barnabas sasa, na hana sababu ya kumwacha. Helen akamwambia asante kwa kusema mwenyewe. Ilimuuma, na aliuficha uchungu huo kwa kujifanya anatafuta kitu chini ya kiti.

Alasiri alikuja mwanamke wa Kisii, Bonareri, mjane mwenye ng'ombe mmoja mwekundu. Alikuwa amezungushwa sokoni tangu asubuhi. Kila dalali alimtajia bei na kumwambia amlete mwanamume wa boma lake wazungumze naye.

"Nimeambiwa kuna mama anauza akiwa ndani ya gari," akasema. "Ni wewe?"

"Ni mimi. Mlete hapa dirishani nimwone. Mtembeze. Mgeuze."

Alimwuza ng'ombe huyo kabla soko halijafungwa, kwa bei iliyomfanya Bonareri ashike mdomo. Wiki iliyofuata Bonareri alikuja na dada zake.

Hivyo ndivyo Helen Robi alivyorudi kazini. Wengi wa wateja wake siku hizi ni wanawake, kwa sababu wengi wa wateja wa zamani hawakurudi. Kuna asubuhi ambazo mgongo humkatalia, na siku hizo hubaki kitandani na kugomba na kila mtu kwa simu. Datsun nayo ina udhaifu wake. Imekaa chini sana. Jiwe ambalo lori halilioni, Helen hulizunguka.

Mvua za Aprili zilipokuja, soko liligeuka uji. Gari lililala kwa tumbo kwenye matope, karibu na lango, magurudumu yakizunguka bure. Wanaume wengi walikuwa pale chini ya bati la kibanda cha kahawa. Walitazama. Ilikuwa wazi kwamba wanangoja aombe.

Helen hakuomba. Alifungua mlango, akatanguliza fimbo, akashuka taratibu ndani ya matope mpaka kwenye vifundo. Akaokota matawi, akaanza kuyasukumia chini ya gurudumu, moja moja, akiwa ameinama kwa namna ambayo daktari hangeipenda. Bonareri akaja mbio kumsaidia. Kisha mlinzi wa lango akaacha kazi yake akaja. Kisha wengine wawili, na wa mwisho, akitukana mvua, Barnabas. Helen akarudi kwenye usukani, Barnabas akavua koti, akaegemeza bega nyuma ya gari, wakasukuma. Datsun ilikwama, ikajitikisa, ikatoka kwa ghafla, na matope yakamfunika Barnabas kutoka kifuani mpaka kwenye nyusi.

Hakuna aliyethubutu kucheka. Barnabas akajifuta macho kwa kiganja, akamwendea Helen dirishani akihema.

"Sasa utaacha?"

"Asante kwa kusukuma, shemeji," Helen akasema. "Wiki ijayo kuna fahali wawili kutoka upande wa Narok, wazuri sana. Wa kwanza kufika ndiye atakayewapata, na mimi nitaamka mapema."

Akaingiza gia ya kwanza, akaondoka.